Mtani wa Jumapili

Siku hizi nikitaka kucheza na mwanamke nisiyemjua, naenda mpaka mezani kwake, navua kofia, namwomba. Akikubali tunacheza. Akikataa narudi kwenye kiti changu. Ukisoma hivyo utadhani ni jambo dogo, na kwa watu wengi ni dogo kweli. Nimewaona vijana wakilifanya huku wanatafuna mishikaki. Mimi limenichukua miaka, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nilidhani nimeshaliweza.

Naona aibu kuandika haya. Nimevuka hamsini, nina karakana ya kuchomelea mageti pale Ngamiani, mjini Tanga, nina watoto wawili wakubwa wanaojitegemea, na bado nikikumbuka mambo ya ukumbini naziba uso kwa kiganja hata nikiwa peke yangu chumbani.

Ukumbi wenyewe si wa kifahari. Ni baa yenye uwanja wa nyuma, sakafu ya saruji iliyopasukapasuka, mabati upande wa bendi na anga upande wetu. Jumapili alasiri bendi inapiga dansi la zamani: magitaa, besi, tumba, na mzee mmoja wa saksafoni ambaye akipuliza hufumba macho kama anakunywa dawa chungu. Wanaokuja ni watu wazima. Walimu waliostaafu, manesi, mafundi, akina mama waliotoka kanisani asubuhi, wakala, wakalala kidogo, wakabadilisha kitenge. Magharibi ikiingia bendi inanyamaza kupisha adhana, na baada ya hapo wengi wetu huanza kutafuta usafiri wa kurudi nyumbani.

Nilianza kwenda baada ya mimi na mke wangu kuachana. Hatukugombana sana. Tulichokana, akarudi kwao Korogwe, nami nikabaki na nyumba yenye vyumba vingi kuliko mahitaji yangu. Fundi mwenzangu akaniambia nitoke, nichangamke, nitaoza humo ndani. Nikatoka. Kuchangamka ndiko kulikonishinda.

Kucheza nilijua. Baba alinifundisha nilipokuwa mdogo, kambini, kwenye mashamba ya mkonge upande wa Muheza. Sisi ni Wanyamwezi. Babu yangu aliletwa huku kukata mkonge, akazaa, akazeeka, hakurudi tena. Jumapili baada ya misa baba alikuwa akifungulia redio, ananishika mikono yote miwili, ananizungusha kwenye kile kiua chetu, na kunionya nisimkanyage mwenzangu. Kwa hiyo miguu ilikuwa tayari. Tatizo lilikuwa ile safari ya kutoka mezani kwangu mpaka mezani kwa watu.

Nilikuwa namwona mwanamke anatikisa mguu chini ya meza, nikajua huyu anataka kucheza. Maneno nimeyashika: samahani dada, naomba tucheze. Na kama amekaa na mwanamume, adabu ya pale ni kumsalimu kwanza yule mwanamume, umwite kaka, umwombe ruhusa ya kucheza na shemeji. Yote nilikuwa nayajua. Nikavuka sakafu, nikafika, watu wa meza ile wakainua nyuso kunitazama, na mdomo wangu ukasema:

"Samahani, hiki kiti kina mtu?"

Wakasema hakina. Ikabidi nikichukue. Nikakibeba mpaka mezani kwangu, ambako nilikuwa peke yangu na viti vingine vitupu, nikakiweka. Baadaye nikajaribu meza nyingine, nikarudi na kiti kingine. Kuna Jumapili nilizungukwa na viti kama nina wageni wa kipaimara, na mhudumu akaja kuniuliza kama wenzangu wako njiani aandae glasi. Nikamwambia ndiyo, wako njiani. Nikanywa soda yangu nikiwasubiri hao wenzangu.

Nimejiuliza mara nyingi nilikuwa naogopa nini hasa. Neno hapana lenyewe halikunitisha. Kilichonitisha ni kugeuka. Unasimama mbele ya meza ya watu, umeshaambiwa hapana, halafu inabidi ugeuke uwape mgongo, uvuke sakafu ile yote huku wanakutazama kisogo. Nilikuwa nauona mgongo wangu mwenyewe, shati limelowa jasho, hata kabla sijafungua mdomo.

Aliyenifungua ni mwanamke mmoja wa Kibondei. Nitamwita Mbondei tu, kwa kuwa ndivyo nilivyomwita wakati wote ule, na hilo nalo ni sehemu ya aibu yangu. Alikuwa anashona nguo Kigombe, anakuja mjini Jumapili na wifi zake wawili, wanakaa pembeni karibu na spika, wanaagiza sahani moja ya chipsi kuku wanakula watatu. Siku hiyo nilikwenda mezani kwao kwa nia njema kabisa, nikafika, nikauliza kama kile kiti kina mtu.

Akanitazama. Akaitazama meza yangu kule na msongamano wake. Akanitazama tena.

"We baba, unafungua duka la viti?"

Wifi zake wakacheka. Nami, sijui nililipata wapi, nikajibu: "Nyie Wabondei viti vya nini? Si mmezoea kukalia magunia ya machungwa?"

Akanikodolea macho. "Kwani we kabila gani?"

"Mnyamwezi."

"Ati Mnyamwezi! Manamba huyu, mkata mkonge!" Akapiga paja, akawageukia wifi zake. "Jamani, mtumwa wetu kabisa, anatunyang'anya viti mabwana zake mchana kweupe!"

Msomaji wa huku kwetu hahitaji maelezo marefu. Sisi na wao ni watani tangu enzi za mababu, na mtani anaweza kukutukana mbele ya mkweo, akavaa kofia yako, akala sahani yako, na ukinuna, mwenye kosa ni wewe. Nilivyosikia lile neno mtumwa, kitu kikalegea kifuani. Nikamwambia ainuke amwoneshe mtumwa wake jinsi mabwana wanavyocheza, au miguu nayo ameiacha sokoni Muheza na machungwa? Akainuka, anacheka mpaka machozi. Tukacheza wimbo mzima na uliofuata. Nilirudi nyumbani kwa baiskeli nikiimba kwa sauti barabarani, mtu mzima mimi.

Kuanzia hapo nikawa mtu mwingine. Tanga imejaa watani wangu. Nikifika mezani sikuomba tena, nilianza kwa kutukana. We Mdigo, umekalia hicho kiti mpaka kimeota mizizi. Nyie Wazigua, nani kawaruhusu kuvaa viatu? Wanacheka, wananirudishia maneno makali kuliko yangu, kisha mmoja anainuka. Kwa yule anayesita nilikuwa na dawa. Pale ukumbini mwanamke hauachi mkoba wake ovyo. Akienda kucheza anamwachia mwenzake aushike au anautia begani. Pochi, tunaita sisi, hata ikiwa kubwa kiasi gani. Basi nilikuwa naichukua pochi hapo mezani, naibana kwapani, natembea nayo mpaka katikati ya sakafu, nasimama nayo pale nikicheza peke yangu. Watu wanapiga makofi, mpiga tumba ananipigia ngoma ya pekee, na mwenye pochi anakuja.

Hakuna aliyenikatalia. Jambo hilo nilitamba nalo karakanani mpaka wenzangu wakachoka kulisikia. Niliwaambia kwamba haya ni mazoea tu, mtu akiamua inamtoka. Nilimshauri hata fundi mmoja mpole, naye akaja siku moja kunitazama, akaniambia njiani kwamba yeye hawezi kufanya vile. Nikamwonea huruma.

Mbondei nilimchukulia pochi karibu kila Jumapili, kwa muda wa kama miaka mitatu. Na kila Jumapili alikuja kuifuata, anatabasamu.

Niseme wazi nilichokuwa nakitaka, maana hakuna faida ya kukificha sasa. Nilitaka mtu anyanyuke kitini kwa sababu ni mimi niliyesimama pale mbele yake. Hilo tu. Nyumbani kwangu, miaka ya mwisho ya ndoa, nilikuwa nikiingia sebuleni hakuna aliyeinua macho. Ukumbini watu walikuwa wananyanyuka, na nilihesabu kila kunyanyuka kuwa ni kwa ajili yangu.

Kisha baba akafariki. Alikuwa amebaki kule kule karibu na kambi ya zamani, na kishamba chake cha michungwa, na dada yake, shangazi yangu, ndiye aliyekuwa akimwangalia. Alifariki usingizini. Nilipata simu ya shangazi asubuhi, nikafunga karakana, nikaenda.

Watu wa ukumbini walinitumia rambirambi kwenye simu. Mmoja tu ndiye aliyekuja mwenyewe. Asubuhi ya mazishi nilikuwa nimekaa na wanaume kwenye mkeka, nikamwona Mbondei anaingia uani na wifi yake mmoja, amejifunga kanga kiunoni, ana ndoo mkononi. Sikuamini kwamba ni yeye. Sikuwahi kumwona bila vipodozi vya Jumapili. Nikainuka kumpokea nikijua amekuja kutoa mkono wa pole.

Akanipa pole, akamwamkia shangazi shikamoo, kisha akaniuliza, "Maji mnachota wapi?"

Nikamwambia asihangaike, yeye ni mgeni, akae na akina mama.

"Mgeni wa nani? Si unaniita mtani kila Jumapili? Nimekuja kwenye kazi yangu."

Nikamwonesha njia ya kisimani. Kwenye msiba mtani ana kazi, na mimi niliyelitumia neno lile miaka yote nilikuwa nimelisahau hilo. Mtani anachota maji, anaosha masufuria, anachimba kaburi. Tena mtani ndiye mwenye ruhusa ya kuchekesha wafiwa, maana wao wenyewe hawathubutu kucheka. Yule mwanamke alikuwa amelichukua neno kama lilivyo, na uzito wake wote. Mimi nilikuwa nimechukua kipande kinachonifaa cha kuvukia sakafu.

Watani wa pale kijijini walifanya yao. Mzee mmoja wa Kibondei, jirani wa baba, alivaa koti la baba na miwani yake, akalala njiani mbele ya jeneza akisema harudi nyumbani mpaka marehemu amrudishie jogoo wake aliyemwiba. Watu walicheka huku wanalia. Mbondei wangu sikumsikia siku hiyo. Alikuwa jikoni kwenye moshi, na kila nilipopita alikuwa ameinama kwenye sufuria.

Tulianua matanga baada ya siku chache, mchana, watu wakala wali, wakaanza kulegea. Shangazi yangu ni mtu wa maneno. Akapaza sauti akisema watani wamejitahidi kwa marehemu, lakini huyu mwanawe amenuna tangu aje, je, hakuna wa kumweza? Watu wakageuka wakanitazama. Ndipo Mbondei akatoka jikoni anajifuta mikono kwenye kanga. Akaja moja kwa moja mpaka nilipokaa, akanivua kofia kichwani, akaivaa yeye.

"Haya shangazi, tulia," akasema. "Nikuoneshe mwanao anavyokuwa mjini."

Akatembea. Sijawahi kujiona nikitembea, lakini nilijijua papo hapo. Kifua mbele, kidevu juu, mkono mmoja unapandisha suruali ambayo haikuwa inashuka. Akazunguka mkekani anachungulia nyuso za akina mama mmoja mmoja kama anachagua papai, akasimama mbele ya shangazi. "We bibi! Umekalia hicho kigoda mpaka kimeota mizizi!" Sauti ilikuwa yangu. Ule mkwaruzo wa mwisho wa neno ulikuwa wangu. Wanawake wakaanza kuanguka kwa kicheko. Akanyakua kifurushi cha ugoro cha shangazi, akakibana kwapani, akaenda nacho katikati ya ua, akasimama pale anatikisa makalio na kukonyeza watu.

Nilikuwa nacheka. Nataka ieleweke kwamba hapo bado nilikuwa nacheka.

Kisha akavua kofia, akaiweka chini pale aliposimama, akarudi na kukaa kwenye kigoda kingine kando ya shangazi. Sasa alikuwa yule mwanamke aliyechukuliwa pochi. Akatazama kushoto, akatazama kulia, kuangalia nani anamwona. Akaishika kanga yake kifuani kwa vidole viwili. Akatabasamu, akainuka. Tabasamu lile lilikaa mdomoni tu, macho hayakuwamo, na nililijua vizuri sana. Nilikuwa nimeliona kila Jumapili likivuka sakafu kunifuata, nikadhani ni furaha.

"Sasa mbona unainuka?" shangazi akamuuliza, naye ameshaingia mchezoni.

"Nisipoinuka nitafanyaje, shangazi? Pochi yangu anayo yeye. Na watu wote wananitazama mimi."

Ua mzima ulilipuka. Mzee jirani alipiga mkeka kwa kiganja. Shangazi alijifunika uso kwa upande wa kanga, mabega yanatikisika, na mimi nilipiga makofi pamoja nao kwa sababu utani haununiwi. Masikio yalikuwa yanawaka. Nilikuwa na maneno yale tu kichwani, watu wote wananitazama mimi. Hayo yalikuwa maneno yangu. Yalikuwa ndiyo hofu yangu mwenyewe, ile ya kisogo na shati lililolowa, na nilikuwa sijaiondoa kamwe. Nilikuwa nimeichukua kutoka kwangu nikaenda kuiweka juu ya meza za wanawake, nikaondoka na pochi zao.

Watu walipotawanyika nilimfuata nyuma ya nyumba. Alikuwa anasugua masizi kwa mchanga na majani ya mgomba. Nikachutama karibu naye. Nikasema, nikikumbuka vizuri, kwamba amenipatia kweli.

"Mikono nimeisahau," akasema. "Unavyoongea unarusha mikono. Nilisahau kuirusha."

Nikamuuliza, "Ulikuwa unachukia?"

Akaendelea kusugua. 

"Siku ya kwanza sikuchukia," akasema. "Siku ya kwanza nilikuonea huruma na viti vyako. Hizo nyingine hukuniuliza."

"Ungeniambia."

Akanitazama, na safari hii hakukuwa na utani. "Ningekwambia wapi, kaka? Pale katikati ya watu? Ukimkatalia mtani unaonekana una roho mbaya. Nimekwambia hapa, mahali pa kukwambia." Akainua sufuria, akayamwaga maji, akaniomba nimpishe.

Jumapili kadhaa sikwenda ukumbini. Wenzangu walidhani ni majonzi ya baba, nami nikawaacha wadhani hivyo. Kweli nilikuwa namlilia baba, ila nilipokuwa namlilia nilimwona ameshika mikono yangu kwenye kile kiua, ananionya nisimkanyage mwenzangu, na kilio kikawa kichungu zaidi. Nilikumbuka nyuso. Nesi mmoja wa Kizigua, mwembamba, aliyekuwa akicheza nami mkono wake mmoja umeshikilia mkanda wa pochi tangu mwanzo mpaka mwisho wa wimbo. Mama mmoja aliyehama meza yake ya mbele akaanza kukaa nyuma kabisa, ukutani, nami nikamfuata huko huko. Nilidhani anajificha ili nimtafute! Haya nayakumbuka nikiwa nachomelea, nauacha mwanya kwenye geti la mtu, nalazimika kurudia.

Fundi mpole aliponiuliza nimepatwa na nini, nilimwambia ukweli nusu, kwamba nimesahau namna ya kuomba. Akasema yeye huwa hasemi mengi. Anasema naomba, anasema ukipenda, kisha ananyamaza. Ugumu uko kwenye kunyamaza, akasema, maana hapo ndipo unamwachia mwenzako nafasi. Mpaka siku ile nilikuwa sijui kuwa anacheza. Kumbe yeye na mkewe walikutana dansini.

Nikarudi. Nilikaa meza ndogo, nikamwambia mhudumu aondoe viti vyote aniachie kimoja. Alicheka, akaviondoa. Jumapili ya kwanza sikuvuka sakafu kabisa. Wanawake wa zile meza nilizozoea walikuwa wananitupia macho, na niliona mmoja anavuta pochi yake kutoka mezani na kuipakata. Alifanya hivyo bila kufikiri, huku anaendelea kuongea na mwenzake. Nilitamani sakafu inimeze.

Jumapili iliyofuata nilijaribu. Nilimfuata mwanamke mmoja mgeni, nafikiri Mpare, amekaa na kaka yake. Nikafika. Wakainua nyuso. Hapakuwa na utani wa kunishika mkono, sisi na wao hatutukanani, na nilisimama pale kama siku ile ya kwanza kabisa, umri wangu wote umenishuka. Nikauliza kama kile kiti kina mtu. Nikakibeba. Mhudumu aliniona naja nacho, akageuka upande mwingine, na mpaka leo namshukuru.

Ilikuwa baada ya hapo, Jumapili nyingine, mvua za vuli zimepita na sakafu bado ina madimbwi kwenye nyufa, ndipo Mbondei alipokuja tena na wifi zake. Nilikuwa sijamwona tangu msibani. Wakakaa pale pale karibu na spika, wakaagiza chipsi zao. Alikuwa na pochi ya kahawia, aliiweka mezani, kisha akakumbuka, akaihamishia mapajani. Niliona yote hayo kutoka nilipokuwa. Bendi ikaanza wimbo wa taratibu ambao nilijua anaupenda, maana mguu wake ulikuwa umeshaanza.

Nikasimama. Nilivuka sakafu nikikwepa madimbwi. Wifi mmoja aliniona kwanza, akamgonga mwenzake kiwiko, wakaweka vijiti vya meno chini tayari kwa kicheko. Nikafika, nikavua kofia. Mikono niliiweka nyuma nisije nikairusha.

"Dada, habari za tangu siku zile."

"Salama."

"Naomba tucheze wimbo huu. Ukipenda."

Kisha nikanyamaza. Wifi zake walikuwa bado wamekenua wakingoja tusi, na tusi halikuja, na nyuso zao zikaanza kubadilika. Sauti ilikuwa imetoka nyembamba, si ile aliyoiigiza. Nilikuwa nasikia besi ikipiga kwenye spika, naisikia miguuni. Ulimi wangu ulikuwa umeshashika neno manamba, neno machungwa, yote yalikuwa pale mlangoni yanasukumana. Nikayazuia. 

Mbondei alinitazama. Mikono yake miwili ilikuwa juu ya pochi.

"Hapana, kaka," akasema. "Asante."

"Haya. Asante, dada."

Nikageuka.

Nilikuwa nimekiogopa kile kitendo tangu ujana, na niseme ukweli, kilikuwa kibaya vile vile nilivyokidhani. Nilihisi macho ya wifi zake kisogoni. Mpiga tumba aliniona, akapunguza kupiga kwa mshangao, kisha akaendelea. Mhudumu mwenye trei alisimama kunipisha. Nililikanyaga dimbwi moja, kiatu kikaingia maji, na shati lilikuwa limelowa mgongoni kama nilivyokuwa naliona siku zote. Sikuwa na lolote la kusema la kuchekesha watu ili wasinione. Nikafika kwenye kiti changu kimoja, nikakaa, nikaweka kofia juu ya goti. Nilikuwa na aibu mpaka kwenye kucha.

Wimbo ukaendelea. Ukafika pale magitaa yanapoachana na uimbaji, sebene likaingia, mzee wa saksafoni akafumba macho. Watu wakaongezeka sakafuni. Nilitaka kutazama chini, ila nilijilazimisha kutazama mbele kama mtu mzima.

Mbondei akasimama. Hakuombwa na mtu, hakumvuta wifi yake. Alitoka mezani kwao akasogea kidogo tu, pale penye nafasi karibu na spika, akaanza kucheza peke yake. Mabega yalikuwa yamelegea. Mikono yote miwili ilikuwa hewani, macho amefumba nusu, na kiuno kilikuwa kinajibu gitaa neno kwa neno. Nilikuwa nimecheza na mwanamke huyu Jumapili baada ya Jumapili na sikuwahi kumwona akicheza. Yule niliyekuwa naye alikuwa mtu mwingine, aliyebana kiwiko, anayesubiri wimbo uishe.

Nilimtazama mpaka mwisho. Watu walipopiga makofi nami nilipiga, taratibu, nisimgeuze. Kisha nikatazama mezani kwao. Wifi zake nao walikuwa wameinuka kucheza, hakuna aliyebaki. Pochi ya kahawia ilikuwa pale peke yake juu ya meza, kando ya sahani ya chipsi, na yeye hakugeuka hata mara moja kuiangalia.